Nyama Nyekundu Inapokukataa: Mwongozo Kamili wa Mzio Unaoletwa na Kupe

Mtu anakula nyama choma saa mbili usiku, anarudi nyumbani mzima, analala. Saa saba anaamka viganja na nyayo vinawasha, ngozi imejaa mabaka yaliyovimba, tumbo linakata, midomo imevimba. Asubuhi akiulizwa alikula nini kabla ya kuumwa, anajibu kwamba hakula kitu, alikuwa amelala. Hapo ndipo ugonjwa huu unapojificha. Wengi tunaujua mzio wa kamba au wa karanga, ule unaomshika mtu akiwa bado mezani. Huu wa nyama nyekundu huchelewa saa mbili hadi sita, na ndani ya saa hizo lawama zimeshahamia kwenye presha, vidonda vya tumbo, taifodi, au mkono wa mtu.

Kwa hiyo ukitoka na jambo moja tu hapa, liwe hili: hesabu saa kurudi nyuma. Yanayofuata yote yanasimama juu ya hesabu hiyo. Ila kama unasoma huku pembeni yako kuna mtu anavimba koo au anapumua kwa shida, ruka uende moja kwa moja kwenye sehemu ya dharura.

Kwanza, kinachotokea mwilini

Nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, sungura na karibu kila mnyama anayenyonyesha ina sukari inayoitwa alfa-gali. Binadamu hatuna sukari hiyo mwilini, wala sokwe, wala nyani wa Afrika na Asia. Kuila hakutudhuru. Kupe, hata hivyo, wana njia nyingine ya kutuingizia: baadhi yao hubeba alfa-gali kwenye mate, na kupe anaponyonya damu mate hayo huingia chini ya ngozi. Kwa baadhi ya watu, kinga ya mwili huichukulia sukari hiyo kama adui na kutengeneza kingamwili aina ya IgE dhidi yake. Wiki au miezi baadaye, mtu yule yule aliyekula nyama maisha yake yote anakula mishikaki na mwili unaanza vita.

Kuhusu kuchelewa, maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sukari hii imeshikamana na mafuta ya nyama, na mafuta husagwa na kuingia kwenye damu taratibu. Ndiyo maana steki isiyo na mafuta inaweza kumpita mtu salama Jumanne, halafu mbavu zenye mafuta zikamwangusha Jumamosi.

Ugonjwa huu uligunduliwa kwa kupitia dawa ya saratani. Nchini Marekani, wagonjwa waliokuwa wakipewa dawa iitwayo cetuximab walizidiwa mara tu dripu ya kwanza ilipoanza, na wengi wao walitoka majimbo ya kusini-mashariki. Timu ya Thomas Platts-Mills wa Chuo Kikuu cha Virginia ilichapisha mwaka 2008 kwamba wagonjwa hao tayari walikuwa na kingamwili dhidi ya alfa-gali iliyokuwa ndani ya dawa. Mwaka uliofuata wakaeleza watu waliopata mzio saa kadhaa baada ya kula nyama. Huko Australia, Sheryl van Nunen alikuwa ameshaona kwamba wagonjwa wake wa mzio wa nyama walikuwa wameumwa na kupe. Platts-Mills mwenyewe aliumwa na kupe wengi akitembea milimani, na miezi michache baadaye akaamka usiku na mabaka baada ya kula nyama ya kondoo. Mwaka 2023 mamlaka ya afya ya Marekani ilikadiria kwamba huenda watu hadi 450,000 nchini humo wameathirika.

Barani kwetu, madaktari wa Afrika Kusini wameeleza wagonjwa wa namna hii kutoka vijiji vya Eastern Cape, na wengi wao walilalamikia tumbo, baadhi yao bila upele wowote. Kupe anayeshukiwa huko ni wa jenasi ya Amblyomma, ukoo ule ule wa kupe anayeongoza kwa kuleta mzio huu Marekani. Tanzania tunaye ndugu yao, Amblyomma variegatum: kupe mkubwa mwenye miguu ya mistari myeupe na, kwa dume, mgongo unaong'aa rangi ya chungwa. Wafugaji wanamfahamu kwa ugonjwa wa maji moyo anaowaletea mifugo.

Dar es Salaam ni jiji, lakini kupe anaingia. Anaingia na ng'ombe wanaoshushwa mnada wa Pugu. Anaingia na majani yanayokatwa pembezoni na kuletwa kwa ng'ombe wa maziwa waliofungiwa nyuma ya nyumba. Wenye mashamba Chanika, Kisarawe, Mkuranga au Bagamoyo, wanaotembea msitu wa Pugu, na anayetoka likizo kijijini kwa wazazi wafugaji, wote wako kwenye njia yake. Usimchanganye na papasi, yule wa kwenye nyufa za nyumba za udongo anayeuma usiku na kuondoka. Huyo anajulikana kwa homa ya papasi. Kupe wa kwenye majani hushika na kubaki siku kadhaa.

Hatua ya 1: Daftari la saa

Chukua daftari la shule, au sehemu ya kuandikia kwenye simu. Kila unapopata dalili, andika saa zilipoanza, kisha rudi nyuma saa nane na uandike kila kilichopita mdomoni: chakula, kinywaji, dawa, hata pipi. Usiandike "wali na mboga". Andika wali gani, mboga gani, imeungwa kwa mafuta gani, na nani alipika.

Andika na mambo matatu ambayo huzidisha mzio huu. La kwanza ni pombe. La pili ni kazi nzito au mazoezi baada ya kula. La tatu ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Fikiria Jumamosi ya kawaida: mpira uwanjani jioni, nyama choma na bia usiku, kidonge cha goti kabla ya kulala. Yote matatu yamekutana na nyama yenye mafuta. Mtu huyo anaweza kula nyama ya mchuzi kidogo nyumbani wiki nzima na asione kitu, ndiyo maana anaapa kwamba nyama haimdhuru.

Andika pia kama umeumwa na kupe miezi ya karibuni, na kama pale alipouma palibaki pakiwasha na pagumu kwa wiki kadhaa. Wagonjwa wengi wanalo kovu la namna hiyo na hawajawahi kulihusisha na chakula.

Daftari hili litakusaidia kutenganisha mambo yanayofanana. Ukivimba ndani ya dakika chache baada ya kula kamba au kaa, huo ni mzio wa aina nyingine. Uso ukiwaka na kuwa mwekundu, kichwa kikagonga, ndani ya saa moja baada ya kula jodari au vibua vilivyokaa nje ya barafu, hiyo ni sumu ya samaki asiyehifadhiwa vizuri. Mara nyingi huwapata watu kadhaa waliokula samaki huyo, si mtu mmoja. Tumbo likijaa gesi na kuharisha kila unapokunywa maziwa mabichi au chai ya maziwa, bila kuwashwa popote, huenda ni sukari ya maziwa inayokushinda. Ya alfa-gali ina sura yake: nyama ya mnyama, kimya cha saa kadhaa, halafu ghafla.

Hatua ya 2: Daktari na kipimo

Nenda na daftari. Usiseme "nina aleji ya nyama" na kuishia hapo, maana utapewa dawa ya mzio na kurudishwa nyumbani. Sema hivi: "Daktari, nimeumwa na kupe, na mara kadhaa nikila nyama ya ng'ombe au mbuzi, baada ya saa nne au tano navimba. Naomba tuangalie mzio wa alfa-gali." Si kila daktari amekutana na ugonjwa huu; hata Marekani madaktari wengi walioulizwa walikuwa hawajausikia. Usikate tamaa ukitazamwa kwa mashaka. Kama hapo hakuna mjuzi wa mzio, omba rufaa kwenda hospitali kubwa.

Kipimo chenyewe ni cha damu, kinachotafuta IgE dhidi ya alfa-gali. Kwenye fomu za maabara huandikwa alpha-gal, kwa herufi hizo. Uliza maabara mapema kama wanakifanya au wanatuma sampuli nje ya nchi, itachukua siku ngapi, na kama bima yako inakilipia. Kipimo cha kuchoma ngozi kwa dondoo ya nyama ya ng'ombe mara nyingi hukosea kwa ugonjwa huu, kwa hiyo kikisema huna, usikitegemee peke yake.

Hapa kuna jambo ninalotaka lieleweke vizuri. Kipimo kuonyesha kingamwili hakutoshi kumfanya mtu mgonjwa. Watu wengi wanaoishi na mifugo wanazo na wanakula nyama bila tatizo. Kama kipimo kimeonyesha na dalili hauna, usiache nyama kwa hofu. Ugonjwa ni kipimo na daftari vikikubaliana.

Kipimo kisipopatikana, daktari anaweza kukushauri uache kabisa nyama ya wanyama wanaonyonyesha kwa mwezi mmoja au zaidi huku ukiendelea kuandika. Dalili zikikoma, hilo ni jibu zito. Kama uliwahi kuvimba koo, kukosa pumzi au kuzimia, usijaribu nyama tena nyumbani ili kuhakikisha.

Hatua ya 3: Jikoni, kwa mama ntilie na kwenye shughuli

Vinavyoachwa ni ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, sungura, ngamia na nyamapori yote inayonyonyesha. Utumbo, maini na hasa figo ni vibaya zaidi kuliko mnofu. Supu ya makongoro iko kwenye orodha hiyo hata kama huoni nyama ndani yake: ule utelezi unaoshika midomo ni jelatini, na jelatini ya miguu ya ng'ombe hubeba alfa-gali. Mtori na ndizi nyama ni vivyo hivyo, hata ukitoa vipande, kwa kuwa mchuzi umeshanyonya.

Vinavyobaki ni vingi, na mtu wa pwani hapaswi kulia. Samaki wote wa soko la Feri, pweza, ngisi, dagaa, kuku, bata, kanga, mayai, firigisi za kuku, maharage, kunde, choroko, mboga za majani, karanga, nazi. Nazi ni mkombozi mkubwa: maharage ya nazi na samaki wa kupaka havina deni kwa ng'ombe.

Maziwa yana habari yake. Wagonjwa wengi wanayavumilia, wachache hawawezi. Anza kwa kuacha nyama pekee. Kama baada ya mwezi bado unapata dalili, acha na maziwa, mtindi, siagi na samli, ukianza na vyenye mafuta mengi. Samli ndiyo husahaulika, kwa sababu imejificha kwenye pilau, chapati na maandazi.

Kwenye paketi tafuta neno jelatini: jeli za watoto, pipi za kutafuna, baadhi ya keki na mtindi wa dukani. Alama ya halali haisaidii hapa, maana jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali bado ni ya ng'ombe. Soma pia vipande vya viungo vya mchuzi vyenye ladha ya nyama. Baadhi ya wagonjwa hulalamikia karagini, kitu cha kufanya chakula kiwe kizito, kinachotokana na mwani kama ule unaolimwa Zanzibar. Iandike tu kwenye daftari ukikutana nayo.

Nje ya nyumba, hatari iko kwenye vyombo. Angalia jiko la kuchomea kwenye baa yoyote. Mbuzi yuko upande huu wa waya, kuku upande ule, na mafuta ya mbuzi yanachuruzika hadi katikati. Mchomaji anageuza vyote kwa koleo moja, anapaka viungo kwa brashi moja, na anakatia kwenye gogo moja ambalo limelowa mafuta tangu mchana. Kuku wako amekwisha kuwa mbuzi nusu. Omba samaki au kuku afungwe kwenye karatasi ya foili kabla hajawekwa jikoni, na akatwe kwenye sahani yako. Wagonjwa wachache husumbuliwa hata na moshi wa nyama inayochomwa. Kama ni wewe, kaa upande upepo unakotoka.

Kwa mama ntilie, uliza mapema kabla foleni haijawa ndefu: "Dada, haya maharage umeyaunga na nini? Mwiko wa nyama umeingia humu?" Akisema ametia mchuzi wa nyama kidogo ili yanoge, mshukuru, chukua samaki. Chipsi ziulizie mafuta: yaliyokaangia sambusa za nyama au soseji hayakufai. Ukipata mahali wanapokuelewa, nenda hapo hapo kila siku.

Shughuli ndizo ngumu. Ndafu inaletwa mbele ya maharusi, kila mtu analishwa, na kukataa kunaonekana dharau. Zungumza na wenye shughuli siku kadhaa kabla, si siku yenyewe. Kwa wakwe, baada ya shikamoo, sema wazi: "Mama, daktari amenikataza nyama ya mnyama, nikila navimba koo usiku. Kuku na samaki nakula vizuri." Neno la daktari linaheshimiwa kwetu, na kutaja unachokula kunampa mwenyeji njia ya kukukirimu. Usiseme tu kwamba huli nyama, utaletewa wali wa pilau uliochaguliwa vipande vya nyama kwa upendo wote. Kwenye Idi ya kuchinja pokea fungu lako na umpe jirani.

Ukiacha nyama nyekundu, angalia damu yako, hasa kwa wajawazito na wasichana. Dagaa, kuku, mayai na maharage kila siku. Mboga za majani zikamuliwe limau, ambalo husaidia mwili kunyonya madini ya chuma. Chai ya rangi isogezwe mbali na mlo kwa saa moja hivi.

Hatua ya 4: Dharura

Dalili za kukimbilia hospitali ni hizi: koo kubana au sauti kubadilika, kupumua kwa shida au kwa mluzi, ulimi kuvimba, kizunguzungu au kuzimia, au upele wa mwili mzima ukiambatana na kutapika au tumbo kukata sana. Dawa ya kuokoa maisha hapo ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Mhudumu wa afya humchoma mtu mzima nusu miligramu, na anaweza kurudia baada ya dakika 5 hadi 15 kama hali haijatulia. Setirizini na dawa nyingine za mzio hutuliza muwasho, hazifungui koo. Usimeze kidonge ukakaa kusubiri.

Mlaze mgonjwa chali, miguu juu. Kama anakosa pumzi mwache akae. Mjamzito alazwe ubavu wa kushoto. Asisimamishwe ghafla na asitembezwe hadi barabarani, maana presha yake inaweza kushuka akaanguka. Bodaboda haimfai. Chukueni gari, na mtu mwingine apige simu hospitali kuwaambia mnakuja na mgonjwa wa mzio mkali. Hata akipata nafuu, abaki chini ya uangalizi saa kadhaa, kwa sababu dalili huweza kurudi.

Kwa kuwa mzio huu hupiga usiku wa manane, panga mapema: hospitali gani ya karibu hufunguliwa saa 24, dereva gani wa mtaani huamka ukimpigia, nani nyumbani anajua unakoweka dawa. Sindano za adrenalini zilizokwisha pimwa usitegemee kuzikuta duka la dawa la mtaani; muulize daktari wako namna ya kuipata na kuitumia. Anayeishi peke yake amwambie jirani.

Hatua ya 5: Dawa na hospitali

Andika mzio wako kwenye karatasi na uiweke pamoja na kadi ya bima. Mwambie kila daktari, hasa wa usingizi kabla ya upasuaji. Vya kutajwa ni cetuximab, heparini inayotokana na nguruwe, dripu zenye jelatini, vali za moyo za nguruwe au ng'ombe, vimeng'enya vya kongosho, chanjo zenye jelatini, na vidonge vya kapsuli, ambavyo vingi ganda lake ni jelatini. Dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa damu ya farasi au kondoo na inaweza kuwa na alfa-gali. Usiikatae ukiumwa na nyoka. Mwambie daktari ili aanze akiwa na adrenalini mkononi.

Hatua ya 6: Kupe mwenyewe

Kila kupe mpya anaweza kupandisha kingamwili upya, kwa hiyo kumzuia ni sehemu ya matibabu. Shambani au msituni vaa suruali ndefu, ichomeke kwenye soksi, vaa nguo za rangi nyepesi, paka dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET. Nguo zinaweza kunyunyiziwa pamethrini, dawa ya kuua wadudu, si ngozi. Ukirudi vua nguo nje na ujikague: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio. Kupe wachanga wana miguu sita na ni wadogo mno, hivyo muwasho wa vipele vingi miguuni baada ya kupita kwenye majani usiudharau. Mbwa wa ulinzi aogeshwe dawa, na ng'ombe wa nyumbani asikose josho au dawa ya kunyunyizia.

Ukimkuta ameshika, achana na mafuta ya taa, moto wa sigara na mafuta ya mgando. Vinamchokoza tu, na muda unapita akiendelea kutema mate. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute wima bila kumzungusha wala kumminya tumbo, safisha kwa sabuni au spiriti, kisha andika tarehe kwenye daftari.

Baada ya miezi kadhaa

Kwa wengi wanaoepuka kupe, kingamwili hupungua kadiri miaka inavyopita, na baadhi hurudi kula nyama. Rudia kipimo baada ya miezi 6 hadi 12. Kikishuka vya kutosha, jaribio la kwanza lifanyike chini ya uangalizi wa daktari, asubuhi, kwa kipande kidogo kisicho na mafuta, bila pombe, bila dawa ya maumivu, na ukae hapo hadi saa sita zipite. Kama ndani ya miezi hiyo uliumwa na kupe, mwonyeshe daktari tarehe hiyo kabla hamjaanza.